Gunia, Polio na Bodaboda: Historia ya Tiba ya Viungo Kitale na Bungoma

Gunia la mahindi Kitale hupimwa kwa kilo 90. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba kuhusu mzigo mzito kupita yote ambao mfanyakazi mmoja anafaa kubebeshwa, na katika pendekezo lililoandamana nao likataja kilo 55 kwa mwanamume mzima. Hizo kilo 35 zinazozidi hazikupotea hewani. Zilibebwa na watu, kutoka shambani hadi kwenye trela na kutoka kwenye trela hadi ghalani, na nyingine zingali kwenye viuno vya wazee wanaoinuka kitini kwa kushika ukuta. Atakayeandika historia ya tiba ya viungo upande huu wa Kenya hana budi kuanzia ghalani kabla ya kufika hospitalini.

Kitale ulianza kuwa mji wa walowezi mnamo 1908, mahali ambapo zamani misafara ya watumwa ilipumzika ikielekea pwani. Reli ilifika mwaka 1926, na mashamba makubwa ya mahindi yakapata njia ya soko. Nguvu kazi ilikwisha kutafutwa kwa sheria. Tangu 1918 Mwafrika aliyeishi kwenye shamba la mlowezi alitakiwa kumfanyia kazi kwa siku zisizopungua 180 kila mwaka. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mjini humo mwaka 1956, na mwaka 1964 mbegu chotara ya kwanza ya Kitale, ile H611, ikaanza kupandwa. Ekari moja ikatoa mavuno mengi kuliko zamani. Wataalamu wa kilimo waliandika habari hiyo kwa furaha na walikuwa na haki ya kufurahi, lakini kila gunia lililoongezeka lilihitaji mgongo wa kulibeba, na mbegu chotara ya mgongo haikutolewa.

Bungoma nako mambo yalikuwa ya namna hiyo, kwa zao tofauti. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kusaga miwa mwaka 1978, na mkata miwa anajua maana ya kuinama kutwa nzima panga mkononi, kisha kubeba alichokata. Kabla ya kiwanda kulikuwa na jembe la mkono, na bado lipo, nalo kwa sehemu kubwa ni la wanawake. Mama anayepalilia kuanzia alfajiri, akabeba maji, akabeba kuni, huku mtoto yuko mgongoni, amefanya kazi ambayo hakuna mkaguzi aliyewahi kuipima kwa mizani.

Waliolalamika walijibiwa kwa njia za ajabu. Elijah Masinde, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa na mchezaji kandanda hodari katika ujana wake, alipopinga kazi za shuruti na amri za serikali ya kikoloni, mwaka 1945 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Serikali iliona afadhali kuchunguza kichwa cha aliyekataa mzigo kuliko kuchunguza mzigo wenyewe.

Hata hivyo watu hawakukaa wakisubiri daktari. Wabukusu, Wasabaoti na majirani zao walikuwa na waunga mifupa wao, na wanao hadi leo. Mfupa uliovunjika ulinyooshwa kwa mkono, ukafungwa mabanzi ya fito, ukakandwa kwa mafuta na majani yaliyopashwa moto, na mgonjwa akahimizwa kutumia kiungo chake mapema. Hilo la mwisho ni busara, maana hospitali za kisasa zilichelewa kulikubali. Ubaya wa mabanzi ulionekana, na unaonekana bado, pale yanapokazwa mno: damu haipiti, vidole vinakuwa vyeusi, na mtoto aliyevunjika mkono tu anaishia kukatwa mkono huo. Mimi si miongoni mwa wanaowacheka waunga mifupa, wala wanaowasifu bila kuangalia. Mtu aliye karibu, anayejulikana, anayelipwa kwa kuku au kwa mafungu, atatangulia daima kumwona mgonjwa kabla ya aliye mbali. Hospitali ingejifunza kwake umuhimu wa kuwa karibu, naye akajifunza hospitalini kutazama rangi ya vidole.

Fiziotherapia kama taaluma ilizaliwa mbali na hapa. Mwaka 1813 Pehr Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi ya viungo mjini Stockholm, Uswidi, akidai kwamba mwendo uliopangwa unaweza kuwa dawa. Mwaka 1894 wauguzi wanne wa kike mjini London waliunda chama cha wakandaji waliosomea kazi hiyo, kwa sababu ukandaji ulikuwa umeingiliwa na nyumba za ukahaba na wao walitaka kulinda jina lao. Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyowapa kazi isiyokwisha: vijana kwa maelfu walirudi bila miguu, au wakiwa na mikono isiyokunjika. Vita hiyo ilifika Afrika Mashariki pia, na mamia ya maelfu ya wanaume walikusanywa kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza. Makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi na njaa. Waliorudi na magoti yaliyoharibika na mabega yaliyochubuka hawakupewa mkandaji aliyesomea kazi. Walirudi kwenye shamba la mlowezi, au nyumbani kulipa kodi ya nyumba.

Ugonjwa uliolazimisha tiba ya viungo kuwafikia watoto wa kawaida ulikuwa polio. Virusi vyake huingia kwa mdomo, na katika watu 200 walioambukizwa ni mmoja hivi tu anayepooza kabisa. Huyo mmoja huamka na homa, na kufikia kesho yake mguu hauinuki. Ukiacha mguu uliopooza bila kuutunza, misuli iliyobaki na nguvu huvuta upande wake na kiungo hupinda. Goti linakunjwa, nyonga inakunjwa, na mtoto anajifunza kutambaa. Wazungu walikuwa wamezoea kuvifunga viungo hivyo kwa plasta visisogee. Elizabeth Kenny, muuguzi wa Australia, alifanya kinyume: alivikanda kwa vitambaa vya sufu vya moto na kuvisogeza taratibu. Madaktari walimbeza kwa miaka mingi, mpaka alipofika Marekani mwaka 1940 na kukubaliwa na wengi.

Kwa mtoto wa Bungoma, msaada ulio karibu haukuwa lazima uwe Nairobi. Reli kuu ilipita Bungoma na Malaba kuelekea Uganda, na Kampala iliunganishwa nayo mwaka 1931. Katika hospitali ya Mulago mjini humo, kuanzia 1960, daktari wa upasuaji wa mifupa Ronald Huckstep alikutana na watoto na watu wazima waliotambaa kwa miaka. Alitambua kwamba vyuma vya miguu vilivyoagizwa Uingereza havingewafikia kamwe: bei yake ilikuwa juu, na vikivunjika kijijini hakuna wa kuvitengeneza. Akabuni vyuma vya kawaida, vya kutengenezwa na fundi wa chuma na fundi viatu wa hapa hapa, vikashikizwa kwenye kiatu cha soli ya mbao. Kwanza alinyoosha viungo vilivyopinda, kwa upasuaji mdogo na plasta, kisha akawafunga wagonjwa vyuma na kuwafundisha kusimama. Kitabu chake cha 1975 kuhusu polio katika nchi zinazoendelea kilienea mbali sana. Nikitafuta mtu mmoja aliyeelewa kwamba tiba ya viungo katika sehemu hii ya dunia huanzia kwa fundi wa karibu, namtaja yeye kwanza.

Upande wa Kenya, chama cha kuwahudumia walemavu wa viungo, APDK, kilianzishwa mwaka 1958, wakati polio ilipokuwa hofu ya kila mzazi, na kikaanza kutengeneza magongo, vyuma na viti vya magurudumu. Bungoma ilipata shule maalumu ya Nalondo kwa watoto wenye ulemavu wa viungo. Chanjo ya matone ilifanya kazi yake kimya kimya. Kisa cha mwisho cha polio ya asili nchini kiliripotiwa mwaka 1984. Vilivyofuata, kama vile vya 2013, viliingia kutoka nje. Kizazi cha wenye magongo kilizeeka, wengine wakawa walimu, mafundi cherehani, mawakili. Vijana wa sasa wakiona mguu mwembamba wa babu yao hawajui hata jina la kilichoukausha.

Ukoma nao ulikuwa na mlango wake katika historia hii. Kituo cha Alupe, Busia, karibu na mpaka, kilipokea wagonjwa kutoka magharibi yote ya Kenya. Watu wengi hufikiri kwamba ukoma hula vidole. Ukweli ni kwamba huua neva, ganzi ikaingia, na mtu asiyehisi maumivu huungua jikoni na kukanyaga misumari bila kujua. Paul Brand, daktari aliyefanya kazi Vellore, India, alithibitisha hayo, akahamisha kano zenye uhai ili mkono uliojikunja ufunguke tena. Upasuaji huo haufai kitu bila mazoezi, kwa kuwa kano iliyohamishwa lazima ifundishwe kazi mpya, wiki baada ya wiki. Dawa mseto zilizopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ziliponya ukoma wenyewe, lakini mkono uliokwisha kujikunja ulibaki na mwenyewe.

Kisha kuna ulemavu ambao uliletwa na tiba. Bungoma ni nchi ya malaria, na Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, iliyo juu zaidi, hupata milipuko. Kwa miongo mingi homa kali ya mtoto ilijibiwa kwa sindano ya kwinini takoni. Ndani ya tako, chini kidogo ya katikati, unapita mshipa mkubwa wa fahamu uitwao neva ya siatiki. Sindano ikidungwa pasipostahili kwa mtoto aliyekonda, dawa huunguza neva hiyo, na kesho yake unyayo unaning'inia. Mtoto anatembea akiinua goti juu kama anayevuka tope. Wazazi husema sindano imekataa, au mtoto amelogwa. Kwenye kliniki za Uganda na magharibi ya Kenya watoto hao walifahamika sana. Walifungwa banzi la kuzuia unyayo usishuke, wakafundishwa mazoezi ya kunyoosha kano ya kisigino, na wengine walipona neva ilipoota upya. Baada ya 2010, artesuneti ilipothibitika kuokoa watoto wengi kuliko kwinini katika malaria kali, sindano za kwinini zilipungua. Mafunzo ya kudunga pajani badala ya tako yalisaidia vilevile. Hakuna sherehe iliyofanywa kwa ajili hiyo, ila ni ushindi.

Wataalamu wenyewe walitoka wapi? Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, chenye asili yake ya mwaka 1927, ndicho kilichotoa wengi wao, wakatawanywa kwenye hospitali za mikoa na wilaya. Sasa kina matawi Kitale, Bungoma na Webuye pia. Eldoret, iliyo jirani, ilikuwa na hospitali ya Waafrika tangu 1917. Hospitali hiyo ilikua hadi kuwa ya rufaa na mafunzo chini ya jina la Moi, na kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufundisha mwaka 1990. Kwa muda mrefu mtu yeyote mwenye chupa ya mafuta na kitanda cha kukandia aliweza kujiita fizio. Sheria ya mwaka 2014 ilikomesha hilo kwenye maandishi kwa kuunda baraza la kusajili wataalamu wa fiziotherapia. Mitaani bado utawakuta wanaojiita hivyo.

Wagonjwa wapya wa wataalamu hao waliletwa na bodaboda. Ilizaliwa jirani kabisa, kwenye mpaka wa Busia na Malaba, ikiwa baiskeli ya kuvusha watu na bidhaa kutoka kizuizi kimoja hadi kingine. Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii serikali iliondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, na vijana wasio na ajira wakapata kazi ndani ya wiki moja. Barabara ya Kitale hadi Webuye, kupitia Kiminini na Kamukuywa, ina malori ya mahindi na ya miwa, matatu, punda, wanafunzi, na pikipiki yenye watu watatu na kitanda juu. Mvunjiko wa kawaida ni wa mfupa wa muundi, mara nyingi ukiwa wazi. Mgonjwa huwekewa chuma, hulala wadini, huruhusiwa kwenda nyumbani na magongo, kisha hafanyi mazoezi. Miezi sita baadaye mfupa umeunga vizuri kwenye picha ya eksirei, lakini goti halikunjiki zaidi ya pembe ya meza. Dereva huyo hawezi kukanyaga gia. Daktari wa upasuaji amefaulu na mgonjwa amefilisika.

Mlima Elgon unadai aya yake pekee. Kati ya 2006 na 2008 wapiganaji wa SLDF, kundi la Wasabaoti lenye silaha, waliua na kukata watu viungo katika mgogoro wa ardhi, na jeshi lilipotumwa Machi 2008 kwa operesheni ya Okoa Maisha, mamia ya wanaume walikamatwa na kuteswa. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika ushahidi wa kutosha wa pande zote mbili. Miili iliyopigwa nyayo na kufungwa kamba mabegani hubaki na ganzi, mabega yasiyopanda, migongo inayouma bila kuonekana kwenye picha. Shirika la Mwatikho la Bungoma limekuwa likiwahudumia manusura wa mateso. Katika historia za afya za kaunti hizi sura hiyo huachwa, na kuiacha ni kosa, kwa sababu mwili unaoogopa kuguswa hauponywi kwa mashine ya umeme.

Katiba ya 2010 ilihamishia hospitali mikononi mwa kaunti kuanzia 2013. Majengo yameongezeka, na Kitale umepata hospitali kubwa yenye jina la Wamalwa Kijana, aliyekuwa makamu wa rais. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia. Shirika la Afya Duniani linasema nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati zina wataalamu wasiofika kumi wa urekebishaji, wa fani zote, kwa kila watu milioni moja. Kwa kipimo hicho Bungoma nzima ingegawana wataalamu wasiozidi 16, kuanzia Sirisia hadi Tongaren.

Idadi yao ni nusu ya shida. Nusu nyingine ni nauli. Upasuaji ni safari moja. Fiziotherapia ni safari ishirini. Mgonjwa wa kiharusi kutoka Kapsokwony hawezi kupanda matatu peke yake. Lazima aandamane na mtu, na huyo mtu anaacha kazi. Bima ya NHIF, iliyodumu tangu 1966 hadi mamlaka mpya ya bima, SHA, ilipochukua nafasi yake Oktoba 2024, ilifikiria kitanda cha wadi kuliko kitu kingine, na atakayelipia nauli hajapatikana bado. Ndiyo maana mgonjwa huja mara tatu, kisha anapotea, kisha anarudi baada ya mwaka mkono umekunjwa kifuani. Ameandikwa mzembe kwenye faili.

Kiharusi ndicho kinachopanda sasa, pamoja na shinikizo la damu lisilopimwa. Ubongo uliojeruhiwa unaweza kufundisha sehemu nyingine kazi iliyopotea, lakini kwa kurudiarudia tendo lenyewe: kushika kikombe, kufunga kifungo, kupukuchua mahindi. Kukanda mkono uliolala hakutoshi. Wala pupa si dawa. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, wenye wagonjwa 2,104, ulionyesha kwamba waliosimamishwa na kuzoezwa kwa wingi ndani ya saa 24 za mwanzo hawakufaidika zaidi, bali walipata hasara kidogo. Vipindi vifupi vya mara kwa mara vinashinda.

Watoto wenye mtindio wa ubongo ni habari hiyo hiyo kwa muda mrefu zaidi. Wengi wao walikosa hewa wakati wa kuzaliwa au waliugua manjano kali siku za kwanza. Mama ndiye mtaalamu halisi hapa, maana anamlisha, anamkalisha, anambeba. Bevill Packer wa Zimbabwe aliwafundisha watu kutengeneza viti imara vya watoto hao kwa maboksi na karatasi kuukuu zilizogandishwa kwa uji wa unga. Kiti cha namna hiyo hutengenezwa kwa kipimo cha mtoto mmoja, na hakipitii bandarini Mombasa. Miguu ya kupinda ya kuzaliwa nayo imepata njia yake: plasta za kila wiki alizobuni Ignacio Ponseti huko Iowa, na baadaye viatu vya kulalia vilivyobuniwa Uganda na Michiel Steenbeek, ambavyo fundi viatu yeyote hodari anaweza kuvishona.

Mgongo, ambao ndio ulioanzisha simulizi hii, umebadilishiwa ushauri kabisa. Watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya chini ya mgongo mwaka 2020, na hakuna ugonjwa mwingine unaolemaza watu wengi kuliko huo. Zamani daktari aliagiza kulala. Mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake nchini Marekani walilinganisha siku mbili za kulala na siku saba, na waliolala siku mbili walirudi kazini mapema bila kupata hasara yoyote. Siku hizi, isipokuwa pale penye dalili za hatari kama miguu kulegea, haja kutoka yenyewe au homa, mgonjwa huambiwa atembee, afanye mazoezi, aepuke sindano na picha zisizo na sababu. Ushauri mzuri, ila unadhani kwamba kazi anayorudia mtu huyo ni ya kibinadamu.

Kwa hiyo nina ombi kwa mabunge ya kaunti mbili hizi. Viazi tayari vina kikomo cha kilo 50 kwa gunia nchini. Mahindi yafuate, na mkaguzi awe na mizani. Kila kituo cha afya cha kata kiwe na siku yake ya fizio, hata kama ni mara moja kwa wiki, na mtaalamu apande pikipiki badala ya mgonjwa. Na wewe msomaji, mgonjwa wako akiruhusiwa kutoka wadini baada ya kiharusi, ajali au upasuaji wa mfupa, usimchukue kabla mtaalamu wa fiziotherapia hajamwona, hajakuonyesha mazoezi ya nyumbani kwa mikono yako mwenyewe, na hajakuandikia tarehe ya kurudi.